Swali Ambalo Cécile Alilipunguza

Mwaka ule wa tisini na sita, mtu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, akiugua, naye hajui Kiingereza wala Kichewa, aliambiwa amtafute Mama Christian. Hakuwa nesi. Alikuwa mshonaji, jina lake Cécile, mzaliwa wa Bukavu, mwanamke wa miaka arobaini na miwili aliyetembea na futi ya kupimia shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu. Kiingereza alikipata kwa masista waliomsomesha, akakiongeza mwenyewe kwa kusoma kila karatasi iliyopita mkononi mwake, hata ile ya kufungia sabuni. Alikuwa ameshona miaka kumi na mmoja mtaa wa Bwiza, Bujumbura, mpaka mtaa ule ulipokimbiwa na watu mwezi wa tatu wa mwaka uliotangulia. Akatoka na mwanaye, na mkasi, na kichwa cha cherehani amekifunga kwa kitenge mgongoni, watu njiani wakidhani ni mtoto amelala.

Kwenye zahanati ya kambi walimwekea stuli yake, katikati ya tabibu na mgonjwa. Aliipenda stuli ile kuliko alivyokiri. Aliipenda ile dakika ambapo watu wawili wanamtazama yeye peke yake, kila mmoja akingoja kujua mwenzake kasema nini. Mtu akipona, Cécile alirudi nyumbani anatembea kama aliyemponya ni yeye.

Na kati ya wagonjwa wote, hakuna aliyemhangaikia kama Ntirampeba.

Ntirampeba, au Mama Bella, alikuwa mjane wa Kirundi kutoka vilima vya Ngozi, miaka thelathini na sita, mama wa binti mmoja, sauti ya chini kabisa katika kwaya ya kanisa la Kipentekoste. Kifua chake kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Watu wengine huambiwa hivyo kwa utani tu. Kwake ulikuwa ugonjwa. Siku ya kwanza alipoingia kwa Cécile kupimwa, alipovua blauzi, Cécile aliona mabegani mwake mifereji miwili mirefu, mikanda ya sidiria imejichimbia humo mpaka ngozi imekuwa nyeusi na ngumu. Chini ya matiti kulikuwa na upele mbichi uliokataa kukauka tangu mvua za mwaka juzi. Akilima saa moja, ilimbidi alale chali. Akijitwisha ndoo, shingo ilikaza kama kamba ya kisima. Wanawake kwenye foleni ya maji walisema huyo hana njaa, anajibebea chakula mbele. Alicheka nao.

"Mama Christian," alisema siku hiyo, akijifunika kwa mikono, "unishonee kitu cha kubeba hii mizigo. Mi nimechoka kuwa punda wa mwili wangu."

Cécile alimshonea sidiria ya kitambaa cha kaki, kulabu sita nyuma, mikanda mipana kama ya begi la askari. Ilidumu wiki tatu. Akashona ya pili. Siku alipoipeleka hakukuta mtu mlangoni, akazunguka nyuma ya nyumba, na hapo akamkuta Ntirampeba amekaa juu ya tofali, ameinamisha kichwa, amejibana pua kwa vidole viwili, machozi yanamtiririka. Cécile alidhani pua inatoka damu. Kisha akaona, katikati ya magoti, kichupa cha penisilini chenye maji ya rangi ya chai ya mkandaa.

Ilikuwa tumbaku. Kwao, kwenye vilima, wanawake huloweka jani, hukamua maji yake kiganjani, huyavuta kwa pua, halafu huibana pua mpaka kichwa kitulie. Ntirampeba alianza wiki aliyomzika mumewe na hakuacha tena. Lakini kanisani tumbaku na pombe vilihesabiwa kitu kimoja. Aliyejulikana anavitumia alitolewa kwenye kwaya na kuzuiliwa meza ya Bwana, na jina lake lilisomwa mbele ya watu wote. Mjane asiye na ndugu kambini, akishatengwa na kanisa, amebaki na nani? Ntirampeba alimshika Cécile mkono kwa mkono uliolowa, akamwomba.

"Mi sikuona kitu," Cécile alimjibu. "Nimekuja na sidiria, nimeacha sidiria."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na siku ile lilikuwa jambo jema.

Ni Cécile aliyemwambia tabibu kwamba mgonjwa huyu hahitaji nguo, anahitaji kisu. Tabibu alicheka kwanza, kisha akamtazama mgonjwa vizuri, akaacha kucheka. Alijua kwamba Lilongwe, kwenye hospitali moja ya wamisheni, huja daktari mpasuaji kutoka ng'ambo mara mbili kwa mwaka, hukaa wiki kumi, hurekebisha walioungua na watoto wenye mdomo uliopasuka. Akaandika barua. Cécile aliisindikiza barua ile kwa barua nyingine tatu za mkono wake. Jibu lilipokuja mwezi wa tano kwamba mgonjwa aletwe, alilisoma kwa sauti uani kwake, na tangu hapo akawa anasema "mgonjwa wangu".

Walikwenda watatu. Kanisa lilikuwa na desturi yake: mjane haendi hospitali ya mbali bila mama wa kanisa kando yake, wa kukaa mahali pa mume, kusikia maneno ya daktari na kutia sahihi. Kwa hiyo alikwenda Fidès, mke wa mchungaji, ambaye kila mtu alimwita Mama Pasteri, mwanamke mpole wa maneno machache na mkoba mweusi wa Biblia. Walipanda nyuma ya pikapu mpaka Lumbadzi, wakachukua minibasi ya Lilongwe, wakalala mtaa wa Biwi kwa muumini mmoja, na asubuhi wakaingia kwa daktari.

Alikuwa mzee mwembamba, mwenye mikono safi ajabu. Hakumvua mgonjwa nguo haraka. Alianza kwa kusema, na alisema muda mrefu, akisimama kila baada ya sentensi mbili ili Cécile azipeleke. Alichukua karatasi akachora: duara kuzunguka chuchu, mstari unaoshuka, na mwingine chini kama tabasamu. Cécile hakuhitaji maelezo, alikuwa anaona ramani ya blauzi. Hapo ndipo patakapokatwa na kushonwa, na makovu yatabaki maisha yote, yatafifia lakini hayatafutika. Matiti mawili hayatalingana sawasawa kama mapacha. Chuchu inaweza kufa ganzi, kwa muda au kwa siku zote. Akizaa tena, huenda asiweze kunyonyesha, na ikiwa anataka mtoto mwingine ni vyema angoje. Maumivu ya shingo yatapungua, lakini asiahidiwe kwamba yatakwisha yote.

Kila neno Cécile alilipeleka. Kwa habari ya mtoto, Ntirampeba alisema ameshafunga duka, hata Mama Pasteri akaficha kicheko. Daktari aliendelea. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe asimeze aspirini, kwa sababu damu itatoka sana. Baadaye alale chali, asijitwishe maji wala kutwanga wala kulima kwa wiki sita, na awepo mtu wa kumpikia na kumfulia, mtu aliyekubali kabla, si wa kutafutwa siku ile. Akiona homa, harufu, au ngozi inabadilika rangi, asingoje kesho.

Kisha daktari aliweka kalamu mezani.

Alisema sasa ni jambo moja analotaka lisikike kuliko yote. Tumbaku. Ya kuvuta, ya kutafuna, ya kunusa, ya aina yoyote. Tumbaku hubana vijishipa vidogo vya damu, na ngozi iliyohamishwa huishi kwa vijishipa hivyo tu. Vikibanwa, ngozi hukosa damu, hugeuka nyeusi, hufa, na chuchu inaweza kufa nayo. Kama anatumia, aseme bila hofu, hakuna atakayemkasirikia. Lakini lazima aache wiki nne kabla na wiki nne baada. Kama hawezi kuacha sasa, yeye hatampasua safari hii, atamngoja mpaka mwezi wa kumi na moja.

Cécile alielewa kila neno. Aligeuka. Upande huu alikuwepo Ntirampeba, ameinua uso anangoja, na kando yake Mama Pasteri, mkoba magotini, naye anangoja. Ndani ya kichwa cha Cécile palikuwa na kichupa cha penisilini, na palikuwa na mwezi wa kumi na moja, na zahanati nzima ikimuuliza mgonjwa wake vipi, mbona amerudi vile vile.

"Anauliza," alisema, "kama unavutaka sigara."

Ntirampeba karibu acheke. "Sigara? Mi? Hapana, tangu nizaliwe."

Cécile akamgeukia daktari, akamwambia kwa Kiingereza kizuri kwamba hapana, hajatumia kamwe. Daktari akaandika neno moja, akaendelea. Ilikuwa rahisi hivyo. Swali liliingia kwake pana kama shuka, likatoka na upana wa leso, na hakuna aliyeona kipande kilichobaki mikononi mwake.

Mwishoni daktari aliuliza kama mgonjwa ana swali. Ntirampeba alifikiri, akauliza nyama itakayotolewa itatupwa wapi, maana ni mwili wake, angependa izikwe. Daktari alisema hospitali huichoma. Cécile alilitafsiri hilo bila kulipamba hata kidogo, ingawa lilimuumiza mwenzake, na alijisikia mwaminifu sana alipokuwa akilisema.

Alijipangia kwamba atamwambia peke yake. Palikuwa na zaidi ya wiki tano mpaka siku ya kupasuliwa, na mtu anahitaji nne tu kuacha. Kwenye minibasi Mama Pasteri alikaa katikati yao. Kesho yake, kisimani, kulikuwa na foleni na masikio. Jumapili kulikuwa na kanisa. Wiki ya pili alikwenda nyumbani kwa Ntirampeba akamkuta Générose, jirani, amekaa anachambua maharage na hana dalili ya kuondoka. Unaweza kushangaa jinsi neno moja linavyokosa nafasi katika kambi ambayo watu hawana kazi nyingine ila kuongea. Ukweli ni kwamba nafasi ilipatikana. Ilikuwa Alhamisi, wawili tu, kitenge kipya kimetandazwa kati yao kwa ajili ya gauni la kutokea hospitali, ambalo Cécile alikuwa ameshaanza kulikata kwa vipimo vya mwili ambao haujawepo bado.

"Mama Bella," alianza, "yale maji yako ya kichupa..."

Ntirampeba aliinua macho, na ndani yake mlikuwa na aibu kubwa, aibu ya mtu aliyeahidiwa kwamba jambo halitatajwa tena. Cécile akashindwa.

"...uyafiche vizuri siku ya kwenda," akamaliza. "Manesi bakiona, batauliza."

Ntirampeba alimshukuru kwa kumkumbusha.

Alipasuliwa katikati ya mwezi wa sita, kwenye baridi. Ilichukua saa tatu, na daktari alitoka akisema kila kitu kimekwenda sawa. Jioni ile Ntirampeba alipopata fahamu, kitu cha kwanza alichofanya ni kupeleka mkono polepole nyuma ya kichwa chake. "Nimepata shingo," alisema. Mama Pasteri alilia. Cécile naye alilia, na kwa siku mbili nzima aliamini kwamba Mungu amemfunikia kosa lake.

Siku ya tatu, Mama Pasteri alipotoka kununua uji, Ntirampeba alimwita Cécile karibu. Alisema maumivu yanamvuta kama meno, vidonge havitoshi, na kichwa kinagonga. Kile kichupa kilikuwa ndani ya mfuko wake, Biwi. Angeweza kumletea?

"Hapana."

"Tone tu, Mama Christian. Mbili."

"Hapana, Mama Bella. Hapa si pahali pake."

"Kwa nini?"

Hapa ndipo ambapo Cécile, baadaye, alirudi kwa mawazo mara nyingi kuliko hata ile siku ya swali. Neno lilikuwa pale pale mdomoni. Angeweza kusema, kwa sababu itaua ngozi yako, daktari alisema, mimi nililificha. Alisema, "Kwa sababu si vizuri."

Ntirampeba aligeuza uso ukutani. "Kumbe na we njo bale bale," alisema. "Mi nilidhani we uko mwingine."

 Cécile alikubali kudhaniwa mlokole kuliko kujulikana mwongo.

Baada ya wiki moja walimruhusu. Kambini watu walikuja kumwona, wengine kwa upendo, wengine kuhakikisha kama ni kweli, maana palikuwa na uvumi kwamba wazungu wamechukua kifua kizima na kumwekea pamba. Kupika na kufua alikubali Générose, na Cécile alimletea maji kila asubuhi, ndoo mbili, tatu, zaidi ya alizohitaji, anajaza hata sufuria. Ntirampeba alipomwambia zatosha, alileta nyingine. Lakini kuna kitu kingine alicholetewa Ntirampeba, na aliyeleta ni Générose, kwa huruma, jani la tumbaku lililokauka vizuri kutoka kwa watu wa kwao. Générose hakujua lolote. Ntirampeba mwenyewe hakujua lolote.

Siku ya kumi tangu kisu, Cécile alipokuwa anamsaidia kubadilisha kitambaa, aliona kwamba titi la kushoto, kuzunguka chuchu mpaka kwenye mstari unaoshuka, limekuwa na rangi ya bilinganya. Palikuwa na harufu. Ilikuwa harufu ndogo, lakini Cécile aliiacha pini bila kuifunga.

"Ni kawaida?" Ntirampeba aliuliza.

"Twende," Cécile alisema. "Twende leo leo."

Walikwenda tena watatu, maana desturi ilikuwa ile ile, na Mama Pasteri hakukawia hata kubadili viatu. Njia yote Cécile alikuwa anahesabu maneno. Alijiambia kwamba labda daktari hatauliza. Labda ataona mwenyewe na kujua la kufanya. Labda ni kidonda tu.

Daktari alifunua kitambaa, akatazama. Aligusa kwa ncha ya kidole. Akauliza kama mgonjwa amejitwisha kitu. Hapana. Kama ameanguka, kama alilala kifudifudi, kama alikuwa na homa. Hapana, hapana, hapana. Alikunja uso. Alisema hafahamu, kwa sababu alishona vizuri, na ngozi hii inakosa damu kama ya mtu anayevuta tumbaku kila siku, na huyu hatumii. Alisema ataingia tena chumba cha upasuaji leo ajaribu kufungua nyuzi, huenda zimebana. Nesi akaanza kuandaa karatasi za sahihi.

Cécile alitazama mkono wa Mama Pasteri ukipokea kalamu. Walikuwa wanataka kumkata tena mtu huyu kwa kutafuta kosa ambalo halikuwa mle ndani. Kosa lilikuwa limekaa kwenye kiti, limevaa futi shingoni.

Alimwambia daktari kwanza, kwa Kiingereza, maneno yakitoka yamekatikakatika kama ya mwanafunzi: kwamba mgonjwa hutumia tumbaku ya maji, kwa pua, kila siku, kwamba yeye alijua, kwamba ile siku hakuuliza alivyoambiwa. Daktari hakupandisha sauti. Alivua miwani, akamwambia amweleze mgonjwa, sasa, yote, kama alivyoyasema yeye mwezi wa tano.

Basi akaeleza. Ya kuvuta, ya kutafuna, ya kunusa, ya aina yoyote. Vijishipa. Wiki nne kabla, wiki nne baada. Mwezi wa kumi na moja. Aliyasema yote mbele ya Mama Pasteri, akimtazama Ntirampeba kwenye paji la uso kwa kuwa macho hakuyaweza.

Ntirampeba hakulia. Alionekana kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Haukuniambia," alisema.

"Sikukuambia."

"Ningeacha." Alisema kwa sauti ndogo, kama anamweleza mtoto. "Kwa ajili ya hii, ningeacha ile siku ile ile. Hata njiani, kabla ya kufika Lumbadzi, ningemwaga. Mbona haukuniambia?"

Cécile aligeuza macho kwa Mama Pasteri. Hakukusudia, ila macho yalikwenda yenyewe, na Ntirampeba aliyafuata akaelewa, na Mama Pasteri naye akaelewa. Mke wa mchungaji alifungua na kufunga kibanio cha mkoba wake.

"Mi nilijua tangu Krismasi," alisema. "Tunaimba bega kwa bega, Mama Christian. Ulidhani sina pua?" Kisha, polepole zaidi: "Nilimwambia pasteri amwache, mjane anaomboleza. Kumbe ni mi nilikuwa nimekaa kwenye mdomo wenu."

Hapo Cécile alikosa hata kile kisingizio kimoja alichokuwa amekitunza. Alikuwa amemficha mtu ambaye hakuwa anatafutwa.

Daktari hakufungua nyuzi zote. Alisema tumbaku iishe leo, kidonda kioshwe kila siku, na kinachokufa kiachwe kijionyeshe, halafu kitaondolewa. Kabla hajasafiri alikiondoa. Chuchu ya kushoto ilikwenda nacho, na titi lile likawa dogo na bapa upande mmoja, kama mkate uliokaa chini ya mzigo. Kidonda kilichukua mpaka mwezi wa tisa kufunga. Ntirampeba aliacha tumbaku siku ile ile, Biwi, akamwaga kichupa chooni. Kichwa kilimuuma siku nne, siku ya tano kikaacha. Siku nne tu. Cécile alipoambiwa hilo alitoka nje akasimama nyuma ya cherehani yake kwa muda mrefu, hashoni.

Mgongo wa Ntirampeba ulipona kweli. Alilima, alijitwisha ndoo, aliimba amesimama wima na hakutengwa. Cécile alipokutana naye, Ntirampeba alimwamkia vizuri, vizuri mno, kwa salamu ndefu za kuulizana nyumba nzima, kama mtu anavyomwamkia mgeni. Hilo lilimuumiza kuliko matusi. Cécile alikwenda zahanati akamweleza tabibu jambo lote na kumwomba ampe mtu mwingine stuli yake. Tabibu akamuuliza mtu mwingine huyo ni nani. Hakuwepo. Akaendelea kukaa pale, na tangu siku hiyo alitafsiri hata kikohozi. Wagonjwa walilalamika kwamba Mama Christian amekuwa mrefu wa maneno.

Mwezi wa kumi na moja daktari alirudi, na tabibu akampelekea mgonjwa mwingine mwenye shida ile ile, Raïssa, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa amechumbiwa. Cécile alikuwa amesimama kituoni na Raïssa na mama mkwe wake mtarajiwa, wakingoja pikapu, alipomwona Ntirampeba anakuja na kikapu.

"Na mi nakwenda," alisema. "Huyu mtoto atasikia kwa mtu aliyekatwa."

Ndani ya chumba cha daktari Ntirampeba aliomba kusema kwanza. Alimwambia Raïssa kwamba makovu yanawasha kukiwa na baridi. Kwamba upande mmoja hausikii kitu, hata maji ya moto. "We bado haujazaa," alisema, "hilo la kunyonyesha uulize mara mbili, na jibu ulilale nalo." Alimwambia atafute wa kumpikia sasa, na mtu huyo akubali kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha akanyoosha kidole, bila hasira.

"Na huyu anayetafsiri, umwangalie mdomo. Mi aliniuliza nusu ya swali, njo maana niko hivi."

Daktari alimgeukia Cécile, kama kawaida, akauliza amesema nini.

Ntirampeba alikuwa anamtazama. Kiingereza hakukijua, lakini alijua maneno yake yalikuwa mangapi. Cécile alianza na makovu yanayowasha, akaja kwenye maji ya moto, akaja kwenye kunyonyesha, kwenye mpishi. Na la mwisho hakulipunguza. Akasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu anamwonya msichana amwangalie mtafsiri mdomo, kwa sababu mtafsiri alimuuliza nusu ya swali, na mtafsiri huyo ni mimi, na mwili wake umeharibika kwa hilo. Daktari aliitikia kwa kichwa. Akaweka kalamu mezani, akaanza habari ya tumbaku.

Safari hii Cécile alilitoa swali lote lilivyo. Ya kuvuta, ya kutafuna, ya kunusa, ya aina yoyote.

Raïssa alifungua mdomo, akaufunga. Macho yake yalikwenda pembeni, kwa mama mkwe aliyekaa amenyooka na mkoba wake magotini.

Kabla Cécile hajajua afanye nini, Ntirampeba alikuwa ameshainuka. Alimshika mama yule kiwiko kwa heshima, kwa mikono miwili. "Mama, humu mna joto," alisema. "Tutoke kidogo tupate upepo, babaki na mambo yao." Mama yule alitoka bila ubishi, wala hakuuliza kwa nini.

Mlango ulifungwa. Cécile alibaki anautazama. Lilikuwa jambo dogo hivyo, la kumwomba mtu atoke nje, na Mama Pasteri angetoka, angetoka mara moja, tena kwa shukrani. Alijifuta macho kwa kiganja, akamgeukia msichana, akaliuliza swali tena tangu mwanzo.